KUKAZA KAMBA ZA MLINGOTI

Mkwaja ni kijiji cha pwani katika Wilaya ya Pangani, Mkoa wa Tanga. Kaskazini yake ni mji wa Pangani, na kusini yake ni Saadani. Nyuma ya kijiji ni mbuga na vichaka, ambavyo sehemu yake kubwa siku hizi imo katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Mbele yake ni bahari. Na mtu akivuka moja kwa moja kuelekea mashariki, atafika ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Unguja, mwendo wa kilometa 50 hivi.

Alfajiri, kabla jua halijatoka, wavuvi hushuka ufukoni kuziandaa ngalawa zao. Mgeni akisimama kando na kuwatazama ataona jambo moja dogo. Kabla ya kutweka tanga, nahodha huishika kamba iliyofungwa mlingotini, akaivuta. Kisha huisukuma kwa kiganja, akatulia kidogo kama mtu asikilizaye neno. Akisha, huzunguka upande wa pili akafanya vivyo hivyo. Hasemi kitu. Pengine huilegeza kamba kidogo, pengine huikaza. Pengine huiacha kama ilivyo, akaenda zake kwenye usukani.

Mgeni hudhani kuwa hiyo ni desturi tu. Lakini si desturi tu. Katika kitendo hicho kidogo umo uzima wa watu wote watakaopanda chombo kile. Somo hili litaeleza sababu.

1. Viungo vya chombo

Ngalawa ni gogo lililochongwa likawa na nafasi ndani, na mara nyingi gogo hilo ni la mwembe. Kwa kuwa ni jembamba, lingepinduka upesi kama lingekuwa peke yake. Kwa hiyo hufungwa miti miwili ya kukingama, na kwenye ncha za miti hiyo, kulia na kushoto, hufungwa mbao mbili za kuelea, ziitwazo matengo. Matengo ndiyo yanayokizuia chombo kisilale ubavu.

Mlingoti husimama mbele kidogo ya katikati ya chombo. Mguu wake umeingia katika tundu lililochimbwa katika mti ulio chini kabisa, na kiuno chake kimepita katika tundu la ubao uliokingama juu. Pande zote za kiuno hutiwa kabari ndogo ili mlingoti usicheze. Juu huning'inizwa foromali, yaani mti mrefu uliolala mshazari, na tanga limeshonewa kamba ukingoni na kufungwa katika foromali hiyo.

Kamba ya kutwekea foromali huitwa jarari. Katika majahazi makubwa foromali hufungwa kamba nene iitwayo henza, na henza huvutwa kwa jarari ipitayo katika makapi. Lakini katika ngalawa kamba moja yatosha kwa kazi zote mbili. Kamba iliyofungwa pembe ya nyuma ya tanga, ambayo kwayo tanga huvutwa au huachiliwa, huitwa demani. Tena yafaa kukumbuka majina mawili ya pande. Upande utokako upepo huitwa goshini, na upande uendako upepo huitwa upande wa demani. Pande hizi si kulia na kushoto, kwa maana chombo kikigeuka, goshini nako hugeuka.

2. Kazi ya kamba

Upepo ukijaa tangani hulisukuma tanga. Tanga huisukuma foromali, na foromali huusukuma mlingoti. Mti ulioshikwa chini tu, na kusukumwa juu, hutaka kuvunjika pale uliposhikwa. Mtoto akiuchomeka ufito ardhini na kuusukuma ncha yake, ataona kuwa hauvunjiki juu, bali huvunjika karibu na mchanga. Kadhalika mlingoti huvunjika kwenye tundu la ubao.

Basi yahitajiwa kitu cha kuushika mlingoti kwa juu, na kitu hicho ni kamba. Kamba moja hutoka kichwani mwa mlingoti na kufungwa upande wa goshini, mbali na mlingoti, juu ya mti wa kukingama. Jarari nayo, baada ya tanga kutwekwa, hufungwa nyuma ya mlingoti, upande huo huo wa goshini. Kwa hiyo jarari ina kazi mbili: imeipandisha foromali, na sasa inauzuia mlingoti usianguke mbele. Kamba ya upande wa demani haina kazi wakati huo; huachwa ilegee ili tanga lipate nafasi ya kujaa vizuri.

Kwa nini kamba ifungwe mbali, wala si karibu na mlingoti? Hapa hesabu itatusaidia. Tuseme kamba imefungwa mlingotini mita 4 juu ya mguu wake, na upepo unasukuma hapo kwa nguvu ya kilo 50. Kama mwisho wa chini wa kamba umefungwa mita 1 tu kutoka mlingotini, kamba itaushindilia mlingoti chini kwa nguvu ya 50 mara 4, yaani kilo 200. Lakini kama umefungwa mita 2 kutoka mlingotini, nguvu hiyo itakuwa nusu yake, yaani kilo 100. Mvuto ulio ndani ya kamba yenyewe hupungua vivyo hivyo. Wa kwanza hupita kilo 200, na wa pili ni kama kilo 112. Upepo ni ule ule, mlingoti ni ule ule, wala hakuna fedha iliyotumika. Ila kamba imesogezwa mita moja. Waliobuni ngalawa zamani hawakuandika hesabu hiyo katika daftari, lakini waliijua kwa mikono yao, wakaifunga kamba nje, kwenye miti ya matengo.

3. Kulegea na kukazwa kupita kiasi

Watu wasiojua hudhani kuwa kamba ikikazwa sana ndiyo bora. Wengine, kwa uvivu, huiacha ilegee, wakasema upepo wenyewe utaikaza. Wote wawili wamekosea, na kila kosa lina adhabu yake.

Kamba ikilegea, mlingoti hupata nafasi ya kucheza. Wimbi likikiinua chombo, mlingoti huenda huku. Wimbi likikishusha, hurudi kule. Na kila mara hugonga ukingo wa tundu lake. Kabari huchomoka, tundu huliwa likapanuka, na mti husagika pale pale ambapo ulitakiwa uwe na nguvu zaidi. Lakini hatari kubwa ni ya ghafula. Kamba iliyolegea haivutwi polepole. Upepo mkali ukipiga, mlingoti huruka kwanza, kisha kamba huushika kwa kishindo. Jaribu jambo hili: fungia jiwe uzi mwembamba unaoweza kulibeba, ukalining'inize taratibu. Uzi hautakatika. Sasa liinue jiwe lile kidogo, ukaliachilie lianguke. Uzi uliolibeba jiwe muda wote utakatika mara moja. Jiwe halikuongezeka uzito. Lililoongezeka ni kishindo.

Kamba ikikazwa kupita kiasi, madhara yake huja kimya kimya. Kila kamba inayoushika mlingoti huuvuta chini pia, na kuushindilia mguu wake katika sakafu ya chombo. Katika mashua iliyojengwa kwa mbao, mguu wa mlingoti husukuma mkuku, mbao huachana kidogo, kalafati hulegea, na maji huanza kuingia. Nahodha hutafuta tundu asilione, kwa kuwa tundu halipo. Kosa liko juu, kwenye kamba. Katika ngalawa, mti wa kukingama huvutwa juu na kupindika, na vifungo vya matengo hulegea. Tena mlingoti wenyewe, ukibanwa mno, hupinda kama upinde kabla upepo haujaugusa, na mti uliokwisha kupindwa na kamba haubakizi nguvu nyingi za kupambana na upepo.

Basi iko njia ya katikati. Kamba ya goshini na iwe imara, lakini isiwe ngumu kama chuma. Kamba ya demani na iwe legevu, lakini isining'inie hata kunasa watu na vyombo.

4. Jinsi ya kuzikaza

Kwanza, chombo kiwe kimetulia, na tanga likiwa limetuliwa. Usikaze kamba za mlingoti huku tanga limejaa upepo, maana hapo hutajua kama unaukaza mlingoti au unapigana na upepo.

Pili, anza chini. Utazame mguu wa mlingoti kama umekaa sawasawa katika tundu lake, na kabari kama hazijachomoka. Kazi ya kamba itapotea bure ikiwa mguu unateleza.

Tatu, funga kamba za kulia na kushoto kwa nguvu ya mkono tu. Kisha simama tezini ukautazame mlingoti. Halafu nenda omoni ukautazame tena. Usiinamie kulia wala kushoto. Mlingoti wa tanga la namna hii huinamia mbele kidogo, ili foromali ipate nafasi ya kupita. Lakini mwinamo huo uwe wa makusudi, si wa kuanguka.

Nne, tweka tanga, na jarari uifunge nyuma, upande wa goshini. Toka na upepo mdogo. Sasa shika kamba ya goshini. Ukiisukuma kwa kiganja, yapasa irudi nyuma kidogo, kisha ikatae. Ikirudi bila kukataa, imelegea. Ikikataa tangu mwanzo, nawe hata upepo bado hujaupata, imekazwa mno.

Tano, baada ya mwendo mfupi, tua tanga uzikaze kamba mara ya pili. Mafundo mapya hujikaza yenyewe, na kamba mpya hunyooka. Kwa hiyo kamba iliyofungwa vizuri saa moja iliyopita yaweza kuwa imelegea sasa, wala aliyeifunga hana kosa. Kosa ni la yule asiyerudi kuitazama.

Sita, jioni chombo kikisha kupandishwa ufukoni, zilegeze kamba zote. Sababu yake itaonekana katika sehemu ifuatayo.

5. Kamba na maji

Mkoa wa Tanga umejulikana duniani kwa ajili ya mkonge. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ilipitia Hamburg, na katika miche 1,000 ni 62 tu iliyofika hai. Ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani, katika pwani hiyo hiyo ya Mkwaja. Na kutoka miche hiyo michache yakatokea mashamba makubwa. Nyuzi za mkonge, yaani katani, zimesokotwa kamba za kila namna, na kamba za vyombo zimo.

Kamba ya katani ina tabia moja ambayo kila mtu wa bahari imempasa kuijua. Ikilowa, nyuzi zake hunywa maji zikavimba. Kamba huwa nene, nayo kwa kuwa imesokotwa, ikinenepa hufupika. Ikikauka hupungua unene, ikarudi kuwa ndefu. Kwa hiyo kamba iliyofungwa sawasawa wakati wa jua hukaza yenyewe mvua ikinyesha, hata yaweza kuupinda mlingoti usiku watu wakiwa wamelala. Na kamba iliyofungwa sawasawa ikiwa imelowa umande au mvua, hulegea jua likipanda, wala hakuna mkono ulioigusa.

Kamba za usumba wa nazi zimetumika pwani tangu kale, nazo hustahimili maji ya chumvi. Lakini huvutika zaidi zikipata mzigo. Kamba za nailoni na za plastiki, zinazouzwa madukani siku hizi, hazifupiki kwa maji kama katani. Hata hivyo nazo huvutika, mafundo yake huteleza, na jua kali huzila polepole mpaka nyuzi zake zikawa kama majani makavu. Hakuna kamba isiyo na tabia yake. Mwenye hekima huijifunza tabia ya kamba aliyo nayo.

6. Kijana na mjomba wake

Ili mambo haya yakae moyoni, na isomwe hadithi hii ya mfano.

Palikuwa na kijana mmoja aliyekuwa akienda baharini na mjomba wake, nahodha wa ngalawa. Alikuwa hodari wa kusoma, tena mwepesi wa mikono, na mjomba wake alikuwa amempa kazi ya kuzitunza kamba. Ulikuwa mwezi wa Julai, wakati wa kusi. Jioni moja mvua ilinyesha, na kijana alizifunga kamba za katani zikiwa zimelowa, akazikaza vizuri sana. Ili asipoteze wakati kesho yake, akatia alama ya mkaa juu ya kila kamba, mahali lilipo fundo.

Alfajiri walitoka na umande, yaani upepo wa nchi kavu uvumao kuelekea baharini. Umande ulipokufa, kusi likaanza kuvuma kutoka kusini-mashariki, nao wakaendelea kidogo kuelekea mashariki, upepo ukiwa upande wao wa kulia. Wakavua kwa mishipi, wakapata changu na chewa wa kutosha. Jua lilikuwa kali. Saa saba mchana mjomba akatazama mbingu upande wa kusini, akaona wingu.

"Mpwa wangu," akasema, "turudi. Tukisi tanga, kisha uzitazame kamba."

"Naam, mjomba."

Chombo kilichokuwa kikielekea mashariki sasa kilikuwa kinaelekea magharibi. Upepo ulikuwa upande wa kulia, nao sasa umekuwa upande wa kushoto. Kwa hiyo walikisi tanga, yaani waliisimamisha foromali, wakaipitisha mbele ya mlingoti, wakaishusha upande wa pili. Na pamoja na tanga, kamba nazo ilipasa zihame; kamba ya kushoto, iliyokuwa imelala bure tangu asubuhi, ndiyo iliyotakiwa kuushika mlingoti.

Kijana akaifunga. Akaitafuta alama yake ya mkaa, akaliweka fundo penye alama ile ile ya jana. Kisha akazitazama kamba kama alivyoambiwa. Alama zilikuwa mahali pake. Akasema, "Tayari, mjomba."

Lakini kamba ile ilikuwa imekaa juani tangu asubuhi ikakauka, na katani iliyokauka ni ndefu kuliko katani iliyolowa. Alama haikuhama, kamba ndiyo iliyokuwa imebadilika.

Wingu likawafikia wakiwa bado mbali na nchi. Upepo ukapiga mara moja, na mvua pamoja nao. Mlingoti ukaruka, kamba ikaushika kwa kishindo, na sauti ikatoka kiunoni mwake kama mti unaopasuliwa kwa shoka.

"Achia demani!" mjomba akapiga kelele. "Achia yote!"

Kijana akaiachia. Tanga likapigapiga, likaisha upepo. Wakaiachilia jarari, foromali ikashuka juu yao na tanga likawafunika. Walipotoka chini yake, waliona ufa katika mlingoti, kuanzia tundu la ubao kwenda juu, urefu wa mkono mzima. Haukuwa umekatika. Lakini ungepewa upepo mwingine kama ule, ungekatika, na foromali ingeanguka juu yao au juu ya matengo. Na pwani ilikuwa haionekani kwa mvua.

Mjomba akakaa kimya. Kijana naye hakuthubutu kusema. Mvua ikapita, na bahari ilikuwa bado inawarusha.

Ndipo kijana akasema, "Mjomba, upondo upo. Tuufunge kando ya ufa, kama mganga anavyoufunga mfupa. Na kamba tuliyoiweka chini ya ubao bado ni kavu. Tukiizungusha ikiwa kavu, kisha tukaimwagia maji, itajikaza kuliko tuwezavyo kuikaza sisi."

Mjomba akamtazama. "Wayajua hayo?"

"Nayajua, mjomba. Niliyajua hata asubuhi. Sikuyafikiri."

Wakaulaza upondo kando ya mlingoti, wakauzungushia kamba kavu, mzunguko juu ya mzunguko, kutoka chini mpaka juu ya ufa. Kijana akateka maji ya bahari kwa upo, akaimwagia mara nyingi. Baada ya kitambo kamba ikawa ngumu kama mti. Kisha wakaifunga kamba ya goshini upya. Na safari hii kijana hakuitafuta alama. Aliishika, akaivuta, akaisukuma kwa kiganja mpaka ikakataa. Wakatweka tanga nusu tu, wakaenda polepole. Walifika Mkwaja jua limekwisha kuchwa. Watu walikuwa wamewasha moto ufukoni, na mama yake kijana alikuwa amesimama majini mpaka magotini.

Siku ya pili yake, walipokuwa wakiutoa mlingoti uliopasuka, kijana akauliza, "Mjomba, mbona hukunigombeza?"

Mjomba akajibu, "Nahodha nilikuwa mimi. Nilikuambia, 'Zitazame,' nawe ulizitazama. Sikukuambia, 'Zishike.' Mwanangu, jicho huitazama kamba, lakini mkono ndio unaoiuliza. Tangu leo, mimi nitakuambia uzishike, nami mwenyewe nitazishika baada yako."

7. Mwisho wa maneno

Kijana yule hakuwa mvivu. Alifunga kamba kwa bidii, akatia alama kwa uangalifu, wala hakumdanganya mjomba wake. Alikosea kwa kuwa aliitegemea kazi ya jana kuhukumu hali ya leo. Makosa ya namna hii huwapata watu wema na wenye bidii, nayo ni ya hatari kwa sababu hiyo hiyo, kwa kuwa mwenye bidii hajishuku.

Tena elimu aliyokuwa nayo haikumsaidia asubuhi, ikamsaidia alasiri. Habari ya katani na maji ilikuwa kichwani mwake wakati wote. Asubuhi ilikaa kama somo, na alasiri ikawa kazi. Mwanafunzi anayejua jambo, lakini haulizi ni wapi jambo hilo litamfaa, ni kama mwenye kamba nzuri iliyokunjwa chini ya ubao.

Katika kitabu cha Nabii Isaya, mlango wa 33, aya ya 23, imetajwa merikebu ambayo kamba zake zimelegea, mlingoti wake haukushikwa imara, na tanga lake halikuweza kutandazwa. Nabii alikuwa akinena habari za taifa, lakini alichagua mfano ambao kila mtu wa bahari huufahamu: chombo chenye mbao nzima na tanga zima, lakini hakiendi popote kwa sababu ya kamba.

Siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza habari za upepo na mawimbi, na ni vema kuzisikiliza kabla ya kutoka. Vyombo vingi vimetiwa mashine. Lakini mahali popote ambapo tanga bado latwekwa, hakuna tangazo litakalomwambia nahodha kama kamba yake imelegea. Hilo lataka mkono wake mwenyewe, asubuhi, na adhuhuri, na kila mara chombo kinapogeuka. Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na baharini hakuna mahali pa kujenga ukuta.

Maswali

1. Goshini ni upande gani? Kwa nini goshini si sawa na kulia sikuzote?
2. Jarari ina kazi gani mbili?
3. Mlingoti hukatikia wapi kwa kawaida, na kwa sababu gani?
4. Kamba imefungwa mlingotini mita 3 juu ya mguu wake, na upepo unasukuma hapo kwa nguvu ya kilo 40. Mwisho wa chini wa kamba umefungwa mita 1 kutoka mlingotini. Kamba itaushindilia mlingoti chini kwa nguvu ya kilo ngapi? Ikifungwa mita 2 kutoka mlingotini, je?
5. Taja madhara mawili ya kamba iliyolegea, na mawili ya kamba iliyokazwa mno.
6. Kwa nini kamba hulegezwa jioni?
7. Alama ya mkaa ilikuwa mahali pake. Basi kosa la kijana lilikuwa nini? Na mjomba alikiri kosa gani?

Kazi ya mikono

Fungeni kamba nyembamba ya katani, iliyo kavu, kati ya misumari miwili iliyoachana mita 3. Katikati yake ning'inizeni jiwe dogo, kisha pimeni urefu kutoka jiwe mpaka sakafuni, mkauandike. Ilowesheni kamba yote kwa maji, mngoje robo saa, mkapime tena. Iacheni ikauke mpaka kesho, mpime mara ya tatu. Andikeni vipimo vyote vitatu, na chini yake mweleze kwa maneno yenu wenyewe ni kipimo kipi kilichomdanganya kijana wa Mkwaja.